Kila Tofali na Mahali Pake

Tanuri la matofali likishapoa na tope lililofunika kuta zake likabanduliwa, utakuta ndani yake matofali ya tabia tatu, hata kama yote yalifyatuliwa kwa kalibu moja, kwa udongo wa shimo moja, na mikono ile ile. Yaliyokaa nje kabisa, yaliyopigwa na upepo, yana wekundu uliofifia, na ukiyakwaruza kwa msumari yanatoa unga. Ya katikati ni mekundu yaliyokolea, hayo yameiva. Yaliyokuwa juu ya matundu ya kuni, pale moto ulipopita usiku kucha, yamegeuka zambarau yenye weusi. Mengine yamepinda, mengine yameng'ang'aniana na jirani yake kwa utando wa kioo. Mjenzi wa nyumba huchukua ya katikati. Yanayobaki huuzwa kwa bei ya kutupa, au huachwa pale pale mpaka majani yanaota juu yake.

Mfinyanzi anayejenga tanuri lake mwenyewe la kuchomea vyombo anayataka yote matatu, na kabla hajalipa anajua kila moja anakolipeleka. Hapo ndipo ninapoiheshimu kazi hii. Watu wengi hudhani kujenga tanuri ni kutafuta tofali bora kuliko yote, kisha kujaza fedha mfukoni na kwenda kulinunua. Waliozoea moto hawasemi hivyo. Wao huuliza tofali litakaa wapi, litaguswa na nini, litabeba nini, na upande wake wa pili utakuwa na joto gani. Tofali linalofaa kwa sakafu ya chumba cha moto linaweza kuwa hasara ukutani, na lile laini lililodharauliwa kiwandani linaweza kufanya kazi nzuri miaka mingi likikaa nje.

Ni vizuri kukumbuka kwamba wafinyanzi wetu wengi hawana tanuri na hawalihitaji. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao hufika soko la Matema kwa mitumbwi, huchoma kwa moto wa wazi. Wafinyanzi wa Upareni nao hivyo hivyo. Moto wa aina hiyo hupanda upesi hadi nyuzi 700 au 800 za Selsiasi, pengine zaidi kidogo, kisha unashuka. Chungu kinachotoka humo kina vinyweleo vingi, na kwa sababu hiyo kinavumilia kuwekwa juu ya mafiga bila kupasuka. Kwa kupikia maharage sijaona chombo cha udongo kinachokishinda. Tanuri linahitajika pale mfinyanzi anapotaka kwenda mbali zaidi ya hapo: kupaka glezi, ule utando wa kioo, na kuiyeyusha, kutengeneza kikombe kisichovuja, kuchoma sahani nyingi kwa mara moja bila kuogopa upepo wa alasiri, na kushikilia joto la juu kwa muda mrefu kadiri anavyotaka.

Basi swali la kwanza ni la joto. Tofali la kawaida la kuchoma, lile la Mbeya, Iringa au Morogoro, lina chuma kingi ndani ya udongo wake. Chuma hicho ndicho kinacholipa wekundu, na hicho hicho ndicho kinacholifanya lilainike mapema. Kwa vyombo vinavyochomwa kwenye nyuzi 1000 au 1050 tofali hilo linatosha kabisa, nami sioni sababu ya mtu kuingia gharama zaidi. Likipita nyuzi 1100 linaanza kuchoka: pembe zinapoteza ukali, uso unatoa malengelenge, na tao lililokuwa limesimama vizuri linaanza kushuka katikati. Anayetaka vyombo vya moto mkubwa, vya nyuzi 1250 au 1300, asijidanganye. Tofali jekundu halitafika huko likiwa bado tofali.

Kati ya madaraja hayo mawili kuna udongo wa kila namna, na fundi mwenye subira haamini maneno ya muuzaji wala rangi ya tofali. Analipeleka kwa mhunzi. Anakata kwa msumeno au patasi kijipande chembamba chenye ncha, anakisimamisha kwenye kitako cha udongo, kisha anakiweka kwenye makaa na kumwomba mhunzi avute mifuo. Jiko la mhunzi la mkaa, likipulizwa sawasawa, hupita nyuzi 1200 bila shida. Kijipande kinatazamwa. Ncha ikibaki kali, udongo huo una ahadi. Ncha ikiviringika na kung'aa, umefika mwisho wake. Ikiinama hadi kugusa kitako, basi umeyeyuka. Wazo hilo hilo ndilo lililo nyuma ya vipande vya kupimia joto alivyotengeneza Hermann Seger kule Berlin mwaka 1886, vile vinavyoinama kila kimoja kwenye joto lake, ambavyo wafinyanzi wa dunia nzima wanavitumia hadi leo. Lakini mhunzi wa kijijini haagizwi kutoka popote, na jibu lake linapatikana mchana mmoja.

Tofali likishajibu swali la joto, linasikilizwa. Fundi analishika kwa vidole viwili lining'inie, analigonga kwa nyundo ndogo, na kunyamaza. Lililoiva hulia kwa sauti nyembamba inayodumu kidogo hewani. Lenye ufa wa ndani, hata kama nje halina hata mkwaruzo, hutoa sauti butu inayokatika. Nimesimama karibu na watu wanaofanya hivyo na nikastaajabu jinsi kazi inavyokwenda haraka: mkono mmoja unainua, mwingine unagonga, tofali linakwenda kulia au kushoto, na mazungumzo yanaendelea kama kawaida. Sikio limeshaamua.

Kisha anavunja moja. Muuzaji huwa hapendi, kwa hiyo fundi hulilipia kwanza. Tofali lililovunjwa linaonyesha mambo ambayo nje haiyasemi. Moyo mweusi unamaanisha moto ulipandishwa upesi mno, uso ukaziba kabla mabaki ya mizizi na majani yaliyomo ndani hayajaungua. Tofali hilo likipata joto kali tena litavimba. Mchanga mwingi wa kung'aa ni onyo jingine. Chembe zake ni za madini ya kwazi, na kwazi ikifika nyuzi 573 hujitanua ghafla, kisha wakati wa kupoa hurudi ilivyokuwa ghafla vile vile. Ukutani mwa nyumba hilo si neno. Ndani ya tanuri linalowashwa na kuzimwa mwaka mzima, kila safari inaacha nyufa ndogo mpya. Baya kuliko yote ni punje nyeupe. Hiyo ni chokaa. Moto huigeuza chokaa hai, unyevunyevu wa masika unaifikia, inavimba polepole, na siku moja kibonge cha ukuta kinaruka na kudondokea juu ya bakuli lililokwisha pakwa glezi.

Kwa sababu hiyo hiyo watu wa pwani wana taabu ambayo watu wa bara hawaijui. Jiwe la matumbawe lililojenga Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja ni jiwe zuri, lakini lote ni chokaa ambayo haijachomwa. Ukilijengea tanuri la vyombo, ukalipasha moto hadi nyuzi 900, umetengeneza tanuri la chokaa. Ukuta wenyewe ndio utakaotoka ukiwa umeiva, na mvua ya kwanza itaubomoa. Mfinyanzi wa Pwani hana budi kulipa nauli ya lori.

Wapo wanaobahatika kupata matofali yaliyokwisha fanya kazi. Viwanda vya sukari na vya chai vina boila, na tumbo la boila hutandikwa matofali ya kuhimili moto ambayo hubomolewa na kubadilishwa kila baada ya muda. Ukubwa wake kwa kawaida ni milimita 230 kwa 114 kwa 64 au 76. Rangi yake ni ya chai ya maziwa au kahawia hafifu, na ukilishika mkononi unajua mara moja kwamba si tofali la nyumba, maana lina kilo tatu na nusu hivi. Ya zamani sana yana chapa za viwanda vilivyoyatengeneza. Ukiona neno GLENBOIG limekandamizwa ubavuni, ujue limetoka Uskoti, katika kiwanda kilichouza matofali yake sehemu nyingi za dunia. Tofali kama hilo, hata likiwa limechakaa upande mmoja, hugeuzwa likaelekeza mgongo wake kwenye moto na kuanza maisha mengine.

Hapa lakini uchaguzi unahitaji tahadhari ya kweli, na ningependa kila mfinyanzi alijue hili kabla hajapakia mzigo. Matofali ya tanuri la saruji yanavutia macho kwa kuwa ni mazito, meusi na magumu. Mengi yake ni ya magnesia, na ya zamani yalichanganywa na kromu. Kromu hiyo ikikaa na moto na saruji hugeuka kuwa aina yenye sumu inayosababisha saratani. Hayo yaachwe huko huko. Na boila za zamani zilivishwa kwa nje nyuzinyuzi nyeupe au za kijivu kuzuia joto, ambazo mara nyingi ni asbesto. Tofali la bure lililofunikwa vumbi hilo linadai gharama isiyoonekana sokoni, nayo inalipwa na mapafu miaka mingi baadaye.

Tukirudi kwenye ule uzito wa kilo tatu na nusu, humo ndimo ulimofichika upande wa kazi hii ninaoupenda kuliko wote. Chukua ukuta wenye unene wa milimita 230. Kila mita moja ya mraba inakula matofali kama 137, yaani kilo 480. Ukuta huo ukiwa na nyuzi 1000 upande wa ndani na nyuzi 200 upande wa nje, wastani wake ni nyuzi 600. Kuupasha kiasi hicho kunahitaji joto la kilo 17 hivi za kuni kavu, na hiyo ni kama hakuna hata kidogo kilichopotea kupitia dohani. Tanuri lenye nafasi ya mita moja ya ujazo lina kuta, sakafu na paa zisizopungua mita sita za mraba. Kwa hiyo kilo 100 za kuni zinaingia ndani ya matofali peke yake kabla hujahesabu kikombe hata kimoja. Vyombo vikishaiva, joto lile lote linabaki ukutani na kupotea usiku.

Kuna tofali la namna nyingine, jepesi, ambalo ukubwa ni ule ule lakini uzito wake haufiki kilo moja kwa kawaida. Linatengenezwa kwa udongo unaohimili moto uliochanganywa na maranda au kitu kingine kinachoungua. Likichomwa, maranda yanatoweka na kuacha vitundu vingi mno vyenye hewa. Hewa iliyofungwa haipitishi joto kwa urahisi. Ndivyo hotipoti inavyotunza wali hadi wageni wafike. Madukani matofali haya huitwa kwa namba, na namba hizo zina maana. Ile ya 23 inatokana na nyuzi 2300 za Farenhaiti, ambazo ni kama 1260 za Selsiasi, na ile ya 26 inafika karibu 1430. Moto hulipita tofali zito mara nne au tano kwa urahisi zaidi kuliko hili jepesi. Ukiujenga ukuta ule ule wa mita moja ya mraba kwa tofali jepesi, kilo 480 zinashuka hadi 120 hivi, na kuni zake zinashuka kwa kiasi hicho hicho. Unaweza kulikata kwa msumeno wa mbao, na kulichonga kwa kisu.

Mtu angeuliza, kwa nini basi tanuri zima lisijengwe kwa jepesi? Kwa tanuri la umeme au gesi jibu ni kwamba lijengwe tu. Tatizo ni majivu. Majivu ya kuni yana magadi ndani yake, na kwenye joto kubwa yanaruka na moto, yanatua juu ya tofali na kuyeyuka nalo. Tofali zito lililoshikamana linapata ngozi ya kioo na kuendelea na kazi. Tofali jepesi linaingiwa kupitia vile vitundu vyake, linaliwa kutoka ndani, na baada ya muda linamong'onyoka. Vile vile halipendi kugongwa na kuni zinazorushwa, wala kubeba uzito wa rafu zilizojaa vyombo. Kwa hiyo katika tanuri la kuni tofali zito hukaa upande wa moto, na jepesi hukaa mgongoni mwake kulinda joto lisitoke.

Na hapa pana mtego ambao ni mafundi wazuri tu wanaouona mapema. Ukichukua tofali jekundu la kawaida, ukaliweka upande wa moto, kisha ukalifunika mgongoni kwa tabaka nene la kuzuia joto, umelinyima nafasi ya kupoa. Zamani upande mmoja ulikuwa nyuzi 1050 na wa pili 300, na nusu hiyo ya baridi ndiyo iliyokuwa ikibeba ukuta. Sasa tofali zima limefika karibu nyuzi 1000, halina tena sehemu ngumu ya kuegemea. Kizuizi cha joto kilichokusudiwa kuokoa kuni kinaweza kuuangusha ukuta. Anayetaka kufunika vizuri namna hiyo lazima kwanza awe na tofali la mbele linalostahili.

Madukani kwetu matofali mepesi ni ghali, tena mara nyingi yametoka ng'ambo. Lakini malighafi yake imo ardhini mwetu. Milima ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, ina kaolini nyeupe kwa wingi, na kaolini safi haiyeyuki mpaka upite nyuzi 1700. Kariandusi, katika Bonde la Ufa la Kenya, huchimbwa diatomaiti, jiwe jeupe jepesi lililotokana na maganda ya viumbe vidogo sana waliojaa katika ziwa la kale. Jiwe hilo lina vitundu kwa asili yake, na sehemu mbalimbali duniani hutengenezwa matofali ya kuzuia joto kwa diatomaiti, yale ya kukaa mgongoni, mahali pasipofika nyuzi 900. Pumba za mpunga zipo kila penye mashine ya kukoboa. Zikiungua, majivu yake karibu yote ni silika, kwa hiyo hata baada ya kutoweka zinaacha kitu chenye faida.

Upo pia udongo wa kichuguu, ambao sitaki upitwe haraka. Kuanzia miaka ya 1970 wazee wa Kihaya wa Kagera walijenga upya matanuri ya kuyeyushia chuma ya mababu zao, mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt na wenzake, na shimo la tanuri walilitandika udongo wa kichuguu. Ufuaji wa chuma katika eneo hilo una umri wa karibu miaka 2000 au zaidi. Mchwa huteua chembe laini na kuacha mawe, na wazee hao walikuwa wamekwisha kujua kwamba udongo uliochambuliwa namna hiyo unakaa mbele ya moto unaoshinda wa chungu chochote. Elimu ya kuchagua kinachohimili moto haikuja nchi hii kwa meli.

Michael Cardew, mfinyanzi wa Kiingereza aliyefika Achimota, katika Ghana ya leo, mwaka 1942, na baadaye akaongoza kituo cha mafunzo ya ufinyanzi Abuja ya Nigeria, mji unaoitwa Suleja sasa, aliandika kitabu kizima, Pioneer Pottery, kilichotoka mwaka 1969, kwa ajili ya mfinyanzi asiye na duka la vifaa karibu naye. Nakipenda kitabu hicho kwa sababu kinamchukulia msomaji kama mtu anayeweza kutengeneza kila kitu mwenyewe, tofali likiwamo.

Na linatengenezeka. Fundi huchanganya kaolini na udongo kidogo wenye mnato, kwa kuwa kaolini peke yake haishikani vizuri. Humo anatia chenga za vigae vilivyopondwa, ambazo zimekwisha sinyaa motoni na kwa hiyo huzuia tofali lisisinyae kupita kiasi. Kisha anatia maranda yaliyochekechwa, hadi karibu nusu ya ujazo wote. Mchanganyiko unafanywa mkavu kwanza, maji yanafuata kidogo kidogo. Unashindiliwa kwenye kalibu, haumwagwi. Unakaushwa kivulini, unageuzwa kila siku ili pembe zisitangulie kukauka. Maranda makubwa yanaacha matundu makubwa na tofali dhaifu; maranda laini yanaacha vitundu vidogo na tofali linalobeba vizuri. Kwa hiyo unakuta mtu mzima amechuchumaa na chekecheo kwenye karakana ya seremala, anachagua vumbi. Ukimtazama bila kujua anachokifanya unaweza kufikiri anapoteza siku.

Tofali hilo bichi litachomwa wapi? Katika tanuri la kwanza, lile la matofali mekundu. Hivyo tanuri la nyuzi 1000 huzaa matofali ya tanuri la nyuzi 1250. Mfinyanzi mwenye akili hulijenga la kwanza akijua halitadumu milele. Analijua pia jambo jingine: tofali lililochomwa nyuzi 1000 litasinyaa tena likifika 1250, kwa hiyo yale yatakayokaa upande wa moto anayapanga pale palipo na joto zaidi, na yale ya mgongoni anayaweka juu, kwenye ubaridi.

Siku ya kujenga tanuri hilo la kwanza, uchaguzi wote uliofanyika unaonekana. Matofali yamepangwa chini kwa mafungu, na fundi hachanganyi. Yale meusi yaliyotoka juu ya matundu ya kuni, yasiyopinda, yanakwenda kwenye chumba cha moto na kwenye sakafu. Yamekwisha pita mtihani mkali kuliko ule unaoyangoja. Yaliyopinda yanakwenda kwenye msingi, ambako tope litaficha kasoro yake. Mekundu yaliyoiva, yenye pembe kali na vimo vinavyolingana, anayatunza kwa ajili ya tao na kuta za ndani. Tao linabebwa na mgusano wa tofali kwa tofali, na kila milimita iliyokosekana itadaiwa. Mengine anayachonga umbo la kabari kwa kuyasugua juu ya jiwe mpaka yakae bila kutikisika. Yale laini yaliyofifia, ambayo hayakuiva, hayapelekwi upande wa moto hata kidogo, kwa kuwa moto ungeyakamilisha humo humo ukutani, yangesinyaa na viungo vingefunguka. Yanakwenda nje. Nje joto ni dogo kuliko la ndani, na ule ulaini uliofanya mjenzi wa nyumba ayakatae unayafanya yazuie joto vizuri kuliko wenzake walioiva. Yanachohitaji ni paa zuri juu yake, maana mvua ndiyo adui yao.

Saruji haiingii humu. Ikipata joto kubwa inavunjika na kuwa unga. Kiunganishi ni udongo ule ule wa tofali, uliotiwa mchanga laini au chenga za vigae na kukorogwa uwe uji mwepesi. Tofali linachovywa majini kwanza lisinyonye uji wote, linapakwa, linawekwa, linasuguliwa huku na huku mpaka likatae kusogea. Kiungo kinachopendeza hapa ni chembamba mno. Tope nene kati ya matofali ni sehemu dhaifu inayosinyaa. Hapa na pale pia fundi anaacha mwanya mdogo mkavu kwa makusudi, kwa sababu ukuta ukipata moto hujitanua na lazima upewe pa kwenda. Mgeni angedhani amesahau.

Baada ya moto wa kwanza, ambao huwashwa kwa kuni chache kwa muda mrefu ili mvuke utoke taratibu, na baada ya mingine kadhaa, fundi anaingia ndani na taa, chaki mkononi. Anapitisha kiganja ukutani tofali kwa tofali. Lililotoa malengelenge anatia alama. Lililoliwa na majivu anatia alama, na kuandika kando yake ni udongo wa shimo lipi. Lililopasuka katikati lakini bado limebanwa na wenzake analiacha, kwa kuwa halina pa kwenda na kazi bado linafanya. Yenye alama yatang'olewa kwa patasi kabla ya masika. Hayatupwi: yanapondwa, yanachekechwa, na chenga zake zinaingia kwenye mchanganyiko wa matofali yatakayofuata, kwa sharti moja tu, kwamba sehemu zilizogeuka kioo zichaguliwe kwanza na kuwekwa pembeni, maana hizo zikiingia kwenye tofali jipya zitaliyeyusha mapema.